Mafunzo ya chumvi ya kuogea pale Kamalondo: kuchanganya safi, kufungasha bado

Nianze na wanaouliza kama pesa yao itarudi: itarudi, ukiwa na mahali pa kuuzia. Mimi nina saluni ndogo Katuba, hapa Lubumbashi, nasuka na kusafisha miguu, na chumvi hii niliitaka kwanza kwa mabeseni ya wateja, inayobaki niiuze. Mafunzo ni ya asubuhi moja, dola 20, nyumbani kwa mama mmoja wa Kamalondo ambaye sitamtaja jina kwa kuwa nina ya kumsema. Ukilipa unapewa aproni na karatasi ya vipimo, na unarudi nyumbani na mzigo uliouchanganya mwenyewe. Kwenye kuchanganya, huyu mama anajua kazi. Kwenye vifungashio alitufundisha kana kwamba Lubumbashi hainyeshi.

Msingi wa mchanganyiko wake ni chumvi ya Epsom. Wengi wetu tulidhani ni chumvi kama nyingine, imesafishwa zaidi tu. Alituonjesha chembe moja moja kwenye ncha ya ulimi: chungu, wala si ya kutia kwenye mboga ya sombe. Hiyo ni salfeti ya magnesiamu, imebeba jina la mji wa Epsom kule Uingereza uliojulikana kwa chemchemi yake ya maji machungu. Famasi wanaiuza hata kama dawa ya tumbo lililofunga choo, ndiyo maana pakiti ni ndogo na bei inauma. Ipo pia ya magunia, rahisi zaidi, wanayonunua wakulima kulishia mimea. Hiyo alitukataza kabisa kuipeleka kwenye ngozi ya mtu, kwa kuwa haikusafishwa kwa kazi hiyo. Hapo nilimheshimu, angeweza kututajia ya bei ya chini na darasa zima lingempigia makofi.

Vipimo vyake ni vikombe vitatu vya Epsom, kimoja cha chumvi ya bahari ya chenga, na nusu kikombe cha bikabonati, ile ya kuumulia keki. Bikabonati inayafanya maji yawe laini kidogo kwenye ngozi. Unapofika kwenye kufungasha, vikombe unaviweka pembeni, unapima kwa mizani ya jikoni, kwa sababu chenga kubwa na chenga ndogo hazijazi kikombe kwa uzito uleule.

Somo lililonirudishia zile dola 20 lilikuwa la mafuta. Mafuta ya mkaratusi hakuyamimina juu ya chumvi. Aliyadondoshea kwenye kijiko cha mafuta ya alizeti, akayakoroga kwa kijiti, ndipo akayanyunyiza kidogo kidogo huku akifikicha kwa mikono yenye glavu mpaka mabonge yote yakaachana. Sababu ni kwamba mafuta na maji havipatani. Ukidondosha yale makali peke yake, yanaelea juu ya beseni, mteja anazamisha mguu, nayo yanamshika kwenye ngozi yakiwa hayajapunguzwa ukali. Karafuu na mdalasini alizipiga marufuku, zinaunguza. Ubaya wa njia hii ni kwamba beseni linabaki na utelezi, na ukimwaga maji kwenye sakafu ya vigae mtu anaweza kuanguka, kwa hiyo sasa kitambaa hakinitoki mkononi.

Anatia na majani ya mchaichai yaliyokauka, kwa sura tu. Jani likikunjwa na kuvunjika kwa mlio, liko tayari. Likipinda bila kuvunjika, lirudishe kivulini, maana hilo linabeba maji yatakayoharibu chupa nzima.

Kuhusu yale maneno ya chumvi kutoa sumu mwilini na magnesiamu kupenya kwenye ngozi hadi kwenye mifupa, mimi siyauzi. Ushahidi wake ni mwembamba. Ninachouza ni maji ya moto na robo saa ya kukaa kitako bila mtu kukuita, na kwa mama aliyesimama sokoni tangu alfajiri hicho kinatosha. Mwenye kidonda simloweki, na mwenye ugonjwa wa sukari simloweki kabisa, hata aseme nini, kwa kuwa miguu yake inaweza kuungua au kuchubuka bila yeye kuhisi. Hili mwalimu hakuligusia, na lilipaswa kuwa kwenye ile karatasi ya vipimo.

Sasa vifungashio. Tulisoma mwezi wa Agosti, kiangazi kimekaza, vumbi jekundu limeketi hadi kwenye nyusi. Hewa ya namna hiyo haina cha kuifanya chumvi ya kawaida. Mama akatutolea mifuko ya karatasi ya kaki yenye kidirisha, chupa za vizibo vya gome, na chupa nyingine za vifuniko vya bati vilivyochorwa maua. Picha tulipiga, na kweli zilipendeza.

Novemba mvua zikafungua. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukipita kama asilimia 75, na ile ya bahari ambayo haijasafishwa sana huanza mapema zaidi kwa sababu ya mabaki ya magnesiamu yaliyomo. Mifuko ya kaki ilitoa madoa ya mafuta kwanza, kisha ndani chumvi ikashikana ikawa tofali. Vizibo vya gome vilipitisha hewa. Vifuniko vya bati vikaota pete ya kahawia upande wa ndani, na mteja wangu mmoja wa Bel-Air akanirudishia chupa akiuliza kwa upole kama ile ndiyo rangi ya mkaratusi. Ilikuwa kutu.

Zilizoniudhi zaidi ni chumvi za kutoa povu majini, zile zenye asidi ya limau. Asidi na bikabonati vikipata unyevu kidogo tu vinaanza kazi humohumo ndani ya pakiti na kutoa gesi. Zilivimba rafuni kama vyura. Hizo nimeacha kuzitengeneza mpaka mvua zikatike.

Wala msidhani kiangazi hakuna shida ya kifuniko. Epsom yenyewe ina maji ndani ya chembe zake, na ukiiacha wazi kwenye hewa kavu inayapoteza, ule mng'ao unakufa, inabaki kama imepakwa unga. Kwa hiyo kifuniko kizuri ni cha mwaka mzima.

Ninachotumia sasa ni kopo la plastiki nene, kifuniko cha kuzungusha, na ndani yake mfuko wa plastiki uliozibwa kwa moto. Mashine ya kuziba ipo, ila inataka umeme, na SNEL, shirika letu la umeme, mnaijua kwa kukatakata. Nimechukua ufundi wa wauza karanga: unabana mdomo wa mfuko kati ya rula mbili za chuma, unaacha ukingo mwembamba utokeze, unaupitisha karibu na mwali wa mshumaa bila kusimama. Ukikawia unatoboka, ukiharakisha haushiki. Kisha unaubonyeza, hewa ikitoka, rudia. Chupa za kioo nimewaachia wenye wateja wa karibu, maana mzigo wa kwenda Likasi au Kolwezi unahesabiwa kwa uzito na kwa vilivyovunjika.

Lebo pia alizipita haraka mno. Maua na jina la biashara, basi. Mimi nimeongeza uzito kwa gramu, vilivyomo, tarehe, kiasi cha kutia, ambacho ni konzi moja kwa beseni la miguu, na kwa herufi kubwa: SI YA KULA. Kopo la chenga nyeupe likifika jikoni litachukuliwa kuwa sukari au chumvi ya mboga. Wino wa duka la fotokopi unachuruzika mkono wenye maji ukiugusa, kwa hiyo juu yake napitisha skochi pana, ule utepe wa kunata.

Nilimwandikia mama habari za mifuko ya kaki. Akanijibu, "Mwanangu, karatasi ndiyo inauzika." Lazima nikiri ana haki yake: wanaoagiza za harusi wanataka kaki na utepe, kopo la plastiki hawalitazami mara mbili. Hao nawawekea mfuko uliozibwa kwa mshumaa ndani, kaki juu, na nawaongeza bei kidogo kwa kazi hiyo.

Kwa anayetaka kwenda: fika mapema, watu wanajaa na mizani ni moja. Bei bado ni dola 20. Nenda na ndoo yako yenye mfuniko, na glavu zako mwenyewe, zake ni za mikono midogo.