Hema la kukodi lilivyotutia adabu Udzungwa

Naanza na hema, maana ndilo lililonifanya niandike. Tulilikodi hapa hapa Dodoma kwa siku nne, shilingi elfu sitini na amana elfu hamsini juu yake, pamoja na magodoro mawili membamba ya kukunja, mabegi ya kulalia na jiko dogo la gesi. Kijana wa dukani akaniapia: "Shemeji, hili hata masika yote likae nje, ndani unalala na kanga moja." Jumatano jioni tukalisimamisha uani. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ulivuma usiku kucha na hema halikuyumba, tukaridhika. Hapo ndipo tulipokosea, tulilipima kwa upepo tu, hata ndoo moja ya maji hatukulimwagia. Mwezi wa nane Dodoma, nani anawaza mvua?

Nane Nane 2025, sikukuu ya wakulima, iliangukia Ijumaa. Wakati wenzetu wanajiandaa kwenda kwenye maonyesho ya Nzuguni kuzunguka mabandani, sisi Alhamisi jioni tulipanda treni ya umeme hadi Morogoro, tukalala huko, na alfajiri tukawa Msamvu kwenye basi la Ifakara. Kaeni dirishani, barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, twiga na swala unawaona kwa nauli hiyo hiyo ya basi. Mikumi mjini basi linakata kushoto, mnapita Kidatu na mashamba ya miwa yasiyoisha, halafu upande wa kulia milima inasimama wima, kijani tupu. Mume wangu ni Mgogo wa Bahi, kwao ukisimama mlangoni unaona mpaka kesho. Alinyamaza kimya toka hapo hadi tuliposhuka Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa.

Getini hakuna kushika noti. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo wekeni salio mapema. Muongozaji mnapewa hapo hapo. Ndani ya Udzungwa hakuna barabara za magari, kila kitu ni kwa miguu, na hicho ndicho kinachoitofautisha na hifadhi nyingine nilizofika. Mchana huo tulitembea kidogo tu, hadi maporomoko madogo ya Prince Bernhard karibu na geti. Yamepewa jina la mume wa Juliana, aliyewahi kuwa malkia wa Uholanzi; Bernhard huyo alikuwepo hifadhi ilipozinduliwa mwaka 1992.

Sasa usiku. Saa nane nikaamshwa na tone kwenye paji la uso. La pili likanipata shingoni. Nikawasha tochi: maji yalikuwa yanapita pale fito mbili zinapokutana juu, yanateremka na mshono, yanajikusanya chini ya godoro la mume wangu, naye anakoroma. Nikatoka nje. Kumbe lile vazi la juu la hema, la kuzuia mvua, halikuwa lake kabisa! Hema lilikuwa la watu wanne, vazi la watu wawili, limevutwa likafungwa kwa nguvu, pembe mbili zimebaki wazi. Kwa mwanga wa jioni uani kwetu tuliona limekaza vizuri, tukadhani ndivyo lilivyoshonwa.

Mlinzi wa zamu akaja na turubai la bluu, akatusaidia kulifunga kwenye mti, juu ya hema. "Poleni dada," akasema, "huku mlima unajinyeshea wenyewe." Asubuhi muongozaji akatufafanulia: upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, ukigonga milima hii unapanda, unapoa, unamwaga. Kiangazi cha Dodoma hakina mamlaka huko.

Jumamosi tukapanda kwenda maporomoko ya Sanje na macho mekundu ya usingizi. Njia ni mwinuko mkali, mizizi na tope, na raba za mume wangu zilizolika nyayo zilimkalisha chini mara tatu. Katikati ya msitu muongozaji akainua mkono. Juu kulikuwa na sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, kisha matawi yakaanza kutikisika. Ngolaga. Akasema wanasayansi walimjua nyani huyu mwaka 1979 tu, wakati wenyeji walishakuwa na jina lake zamani. Hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Tuliona saba, mmoja na mtoto amemng'ang'ania tumboni, wakatudharau wakaendelea kupekua majani makavu.

Maporomoko makubwa ya Sanje yana mita 170. Ukiwa juu, maji yanapotea miguuni pako na mbele unaona bonde lote la Kilombero na miwa iliyokatwa kwa mistari. Kuna dimbwi la kuogelea, maji ya baridi ya kukata pumzi. Mume wangu, ambaye ziwa la kwao Bahi hujaa na kukauka, alikaa humo hadi midomo ikabadilika rangi, nikamwita kama mtoto. Kushuka ndiko kunakoumiza. Magoti yangu yalinikumbusha umri wangu hadi Jumatano.

Dukani niliporudisha hema, kijana akatazama vazi, akatazama pembeni, akasema huenda mteja aliyetangulia alichanganya. Baada ya kubishana nusu saa amana yangu ilirudi yote, ya kukodi hakuna. Jiko la gesi lilikuwa zuri, nalisifu. Hema nalipatia alama mbili kati ya kumi, na hizo mbili ni za vigingi. Udzungwa nitarudi, ila muondoke na viatu vyenye meno na koti la mvua hata jua likiwaka Dodoma nzima.

Mwezi uliopita tumenunua hema letu. Nimelisimamisha uani, mume wangu akaingia ndani na tochi, mimi nikapanda kwenye stuli na keni ya kumwagilia mchicha. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akatazama weee, akauliza kama shemeji yake amekosa nini tena.