Kopo lipi ununue kwanza kwa tangi la matumbawe: mwongozo kwa wafugaji wa Mombasa

Wenzangu wenye matangi ya maji ya chumvi hapa mjini hawaniulizi sana habari za samaki. Wananiuliza habari za makopo. Rafuni kuna kopo la chembe nyeusi, la chembe za rangi ya kutu, la shanga nyeupe na la mawe ya kijivu, na yote yameandikwa kwamba yatayafanya maji yang'ae. Kila moja huondoa kitu chake. Ukinunua la kuondoa fosfeti, ile chumvi inayorutubisha mwani, ilhali shida yako ni maji ya njano, umelipa bure.

Kwa hiyo kopo la kwanza kulinunua si kopo, ni kipimo cha fosfeti. Vile vya matone ambavyo alama yake ya kwanza baada ya sifuri ni 0.25 havitufai, kwa sababu sisi tunatafuta kiasi cha kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita. Mimi natumia kisomaji kidogo cha kielektroniki cha kampuni ya Hanna. Ukichukua kile kinachopima fosforasi kwa sehemu katika bilioni, zidisha jibu kwa 3.07, kisha ugawe kwa 1000, upate fosfeti kwa miligramu kwa lita. Kikisoma 20, hiyo ni fosfeti ya 0.06 hivi, na hapo huna tatizo. Rudisha pesa mfukoni.

La pili ni maji ya kujazia. Kwa joto letu, hasa miezi ya kaskazi, tangi hupungua kila siku, na kinachopaa ni maji matupu, chumvi na uchafu vinabaki. Ukijazia maji ya kisima, kumbuka visima vingi vya kisiwani vina chumvi na viko hatua chache tu kutoka shimo la choo. Ya mtungi wa mkokoteni nayo, Mungu ndiye ajuaye yametekwa wapi. Vituo vya kujaza maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kupitia utando unaozuia chumvi, viko karibu kila mtaa; nenda na kipimo chako cha TDS, kinachoonyesha wingi wa vitu vilivyoyeyuka majini, ukachovye mbele ya muuzaji. Ikisoma 10 au chini, jaza. Ikisoma 100, msalimie uende zako. Anayeleta fosfeti kwa ndoo kila asubuhi hatasaidiwa na kopo lolote. Hayo yakishakaa sawa, ndipo tupange.

Namba moja: kaboni

Huu ni mkaa ulioamilishwa, uliopitishwa kwenye mvuke wenye joto kali mpaka ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo vikikunjuliwa, gramu moja tu ina eneo la zaidi ya mita mraba 500. Humo ndimo inamonaswa rangi ya njano, harufu, mabaki ya dawa, na sumu ambazo matumbawe laini hurushiana yakigombea nafasi. Naitreti haiigusi, kwa hiyo asikudanganye mtu.

Makaa ya vifuu ya jikoni je? Wiki haipiti sijaulizwa. Hapana. Hayajaamilishwa, na majivu yake yatakupandishia pH na kukuletea fosfeti juu yake. Yaache kwenye jiko na chetezo. Na sisi watu wa minazi tutavunjika moyo kidogo: hata kaboni ya kiwandani iliyotokana na vifuu si chaguo langu la kwanza kwa kazi hii. Vitundu vyake vingi ni vidogo mno, vizuri kwa klorini, lakini vitu vinavyotia maji unjano vina molekuli kubwa. Kaboni ya makaa ya mawe ina vitundu vipana zaidi. Soma ubavuni mwa kopo. Lisiposema imetokana na nini, liache.

Ukifika nyumbani, loweka kijiko kimoja kwenye bilauri ya maji ya RO usiku kucha, asubuhi pima fosfeti ya maji yale. Kuna kaboni zinazotoa fosfeti badala ya kukaa kimya, na hiyo hutaijua kwa kuangalia. Kisha isuuze. Maji ya kwanza yatatoka meusi kama wino wa pweza, ya pili kijivu. Usichoke mpaka yatoke meupe, maana vumbi lile likiingia tangini litakaa juu ya kila kitu.

Kiasi: kikombe kimoja cha chai kwa lita 200, nawe uanze na nusu. Hili nimelilipia. Tangi langu lilikaa miezi na maji ya njano bila mimi kutambua, kwa kuwa jicho huzoea. Nikatia kikombe kizima siku moja. Kesho yake samaki walionekana kama wanaelea hewani, nami nikaita watu waje waone. Wiki ya pili tumbawe la juu kabisa, lililo karibu na taa, lilikuwa jeupe pe. Unjano ulikuwa umelikinga na mwanga, nami nikauondoa kwa mkupuo. Siku hizi nabandika karatasi nyeupe upande mmoja wa tangi na kuitazama kutoka upande wa pili, kupitia urefu wote wa maji. Ikianza kuonekana kama imemwagikiwa chai, nabadilisha. Huwa ni kila wiki tatu au nne.

Mfuko wa kuitia si lazima uwe wa dukani. Soksi ndefu ya nailoni, mpya, iliyosuuzwa bila sabuni, inatosha.

Namba mbili: chembe za chuma, kama kipimo kimesema

Hizi ndizo zenye rangi ya kutu, na kweli ni aina ya kutu. Hunasa fosfeti vizuri kuliko kitu kingine cha chembe, na silika pia. Zinapanda hadi namba mbili kwa yule tu aliyepima akaona 0.2 na kuendelea. Anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Fosfeti ikiporomoka ghafla matumbawe hudhoofika, na ikifika sifuri hufa njaa huku maji yakipendeza.

Hufanya kazi vizuri ndani ya riakta, yaani mcheduara ambamo pampu hupitisha maji kati ya chembe, juu yake pakitikisika kidogo kama uji unaoanza kuchemka. Pampu ikizidi nguvu chembe husagana, na tangi huwa jekundu. Stima ikikatika saa nyingi, usiiruhusu riakta irudi yenyewe kimyakimya: maji yaliyolala ndani yameishiwa hewa. Yamwage kwanza nje.

Namba tatu: shanga za resini

Hizi, kama kaboni, hunasa uchafu unaotia maji unjano, na Purigen ndiyo maarufu. Bei yake inauma, ila hesabu kwa mwaka, si kwa kopo, maana hutumika tena. Zikigeuka kahawia, unaziloweka saa 24 kwenye jiki na maji nusu kwa nusu, katika chombo kisicho cha chuma, kisha unazisuuza na kuziloweka tena kwenye dawa ya kuondoa klorini. Jiki yenyewe iwe isiyo na marashi wala sabuni. Ukinusa klorini hata kidogo, hazijawa tayari kurudi. Kama nyumba ina watoto wadogo na huna pa kuficha ndoo ile, baki na kaboni.

Mifuko ya mchanganyiko, yenye kaboni na resini na chuma pamoja, inamfaa mwenye tangi dogo asiyependa kazi. Ubaya wake, chuma hujaa kabla ya kaboni au kinyume chake, nawe huna njia ya kujua.

Lanthani ya maji, dawa nyingine ya kuondoa fosfeti, siipendekezi kwa anayeanza: dozi ikizidi, samaki kama kangaja huhema kwa shida. Vidonge vyeupe vya alumini, navyo vya fosfeti, vinaweza kuyafanya matumbawe laini yajikunje. Nafasi ya pesa hiyo ningenunua kipande cha Poly-Filter, kitambaa kinene cha kuchujia, nikakiweka akiba, maana hugeuka buluu kikinasa shaba, na shaba huua kamba na matumbawe kabla hujajua kimeingia nini.

Ya mwisho: zeolaiti ya "kuondoa amonia"

Yale mawe ya kijivu. Niliwahi kuuziwa na mtu aliyeniapia. Kwenye maji yasiyo na chumvi hufanya kazi kweli, lakini kwenye maji ya bahari sodiamu ni nyingi mno na huziba nafasi zote ambazo amonia ingekaa. Amonia ikipanda, badilisha maji.

Kaboni iliyobaki ifunge. Hunasa hata vya hewani, rangi ya ukuta, mafuta ya kukaangia, na itafika tangini imeshachoka. Yangu imo kwenye mkebe wa maziwa ya unga wenye kifuniko cha kubana, mbali na chumba ambacho mke wangu hufukiza udi siku ya Ijumaa.