Breka ya 40 kwenye waya wa 2.5: uzoefu wangu na mafundi hawa

Fundi wa kampuni hii alifika na breka ya ampea 40 (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) mfukoni kabla hajafungua hata boksi la breka. Aliitiwa jambo moja: breka ya 20 ya soketi za jikoni inaruka hita ya shawa na birika vikiwashwa pamoja. Akang'oa ya 20, akapachika ya 40, akawasha kila kitu. "Dada, tatizo limekwisha." Hakutazama waya. Hakuuliza hita ni ya wati ngapi wala kwa nini imeungwa kwenye laini ya soketi.

Waya huo ni wa milimita za mraba 2.5. Alipoambiwa, akajibu: "Wewe ndiye utanifundisha umeme?" Nyota moja, na hiyo nayo naitoa kwa uchungu.

Hesabu aliyokataa kuipiga ni hii. Hita ya wati 5500 ukigawanya kwa volti 230 ni ampea 24. Birika la wati 2000 ni karibu 9. Pasi ya wati 1200 ni 5. Jumla 38. Waya wa shaba wa 2.5, ukiwa ndani ya paipu ukutani, hewa ikiwa nyuzi 30, unabeba ampea 24. Hapo mambo ni mazuri. Ukipitishwa darini chini ya bati, mchana wa Dar es Salaam, joto la dari likafika nyuzi 50, zidisha kwa 0.71, kipunguzo cha joto hilo: inabaki 17. Na joto la waya hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo kutoka 24 kwenda 38 ni joto mara mbili na nusu, wakati ganda la PVC limetengenezwa kwa nyuzi 70 tu.

Breka ya 40 hailioni hilo. Breka za majumbani zimetengenezwa zivumilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kuruka, yaani ampea 45. Ni mpaka mara 1.45, ampea 58, ndipo inalazimika kukata ndani ya saa moja. Ampea 38 zingepita asubuhi na jioni, mwaka mzima, ganda likikauka na kupasuka ndani ya ukuta, bila breka kuruka. Ile ya 20 aliyoitupa kwenye ndoo ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa!

Utetezi wake wa pili ulikuwa kwamba "RCD ipo", yaani kile kifaa kinachokata umeme ukivuja. RCD ya miliampea 30 hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Zikienda 38 zikarudi 38, kwake hakuna kosa. Inamwokoa mtu aliyeguswa na umeme, na hilo ni kubwa, lakini haiuokoi waya unaochemka. Mtu anayelipwa kwa kazi hii kutolijua hilo ni hatari kwa kila nyumba anayoingia.

Breka huchaguliwa kwa waya: mzigo usizidi breka, breka isizidi uwezo wa waya pale ulipopita. Kwa kawaida, 1.5 ni taa, breka ya 6 au 10. 2.5 ni soketi, 20, na darini kwenye joto hata 16. Hita ya 5500 ipewe laini yake peke yake: waya wa 4 na breka ya 25 kama haupiti darini, la sivyo wa 6. (Kwangua shaba kwa kisu kabla ya kununua, ikitoka nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa, na namba zote hizi hazihusiki tena.)

Haki yao niiseme. Baada ya simu kadhaa za hasira walimtuma fundi mwingine, na huyo ni fundi kweli. Alizima meni swichi, akapima kwanza kama umeme umekatika, akafungua soketi moja moja. Kwenye ile iliyounganishwa na hita alikuta ganda gumu, limegeuka kahawia, lina harufu ya samaki aliyeungua. Akakata mpaka kwenye shaba safi, akabadilisha soketi, akarudisha breka ya 20. Hita akaivutia waya wa 6 na waya wake wa ethi (wa kwenda ardhini), kwenye paipu ya juu ya ukuta wa korido badala ya darini, breka ya 32, na swichi ya nguzo mbili, inayokata nyaya zote mbili za umeme, nje ya bafu. Hata hewa ya korido ikiwa nyuzi 40, waya huo unabeba 35, kwa hiyo hesabu imekaa. Skrubu akazikaza, akawasha hita nusu saa, akazima, akazikaza tena. Kwa huyo peke yake ni nyota tano, na nilishaanza kufikiria kuipa kampuni tatu.

Kisha risiti ikaja. Wametoza ziara zote mbili, na mstari wa tatu unasomeka: breka ampea 40, moja, pamoja na ufundi wa kuifunga. Narudi kwenye nyota moja. Ukiwaita, taja kwamba unamtaka huyo fundi wa pili, na mwambie yeyote atakayekuja akuonyeshe leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajagusa boksi.