Programu ya kusawazisha milinganyo ya asidi na chumvi: uzoefu wangu

Programu za kusawazisha milinganyo ni nyingi, na karibu zote zinajua kuhesabu atomu. Hii nimeipenda kwa sababu inajua pia kukataa. Ukiiandikia NaCl na HNO3 ndani ya maji, haikimbilii kukupa NaNO3 na HCl. Inakujibu kuwa hakuna mmenyuko, na inakupa sababu: hakuna mashapo (yabisi isiyoyeyuka inayotuama), hakuna gesi, wala hakuna asidi dhaifu inayoundwa, kwa hiyo ioni zote (chembe zenye chaji) zimebaki kama zilivyokuwa. Wanafunzi ninaowafundisha hupotea hapohapo. Wanabadilishana ioni, wanasawazisha vizuri kabisa, kumbe wamesawazisha kitu kisichotokea.

BaCl2 na H2SO4 iliimaliza mara moja: BaSO4 yenye alama ya yabisi, na 2HCl. Kilichonifurahisha zaidi ni Na2CO3 na HCl. Inaandika kwanza H2CO3, inaivunja kuwa H2O na CO2, ndipo inaanza kuhesabu. Sodiamu ziko mbili kushoto, basi 2NaCl kulia. Klorini nazo zimekuwa mbili, basi 2HCl kushoto. Haidrojeni na oksijeni zinakaa sawa zenyewe:

Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2

Mwanafunzi akiiona H2CO3 pale katikati, haulizi tena gesi imetoka wapi.

Kwenye fosfeti inaihesabu PO4 nzimanzima bila kuitenganisha fosforasi na oksijeni, na Ca3(PO4)2 + 3H2SO4 → 3CaSO4 + 2H3PO4 inakamilika kwa hatua chache. Hata mimi ubaoni hufanya hivyo.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Kwa CaCO3 (marumaru) na H2SO4 inatoa mlinganyo uliosawazishwa, basi. Haisemi kwamba CaSO4 huyeyuka kidogo sana, hivyo inaganda juu ya vipande vya marumaru na mmenyuko unafifia mapema. Ndiyo maana maabara hutumia HCl kutengeneza CO2, na mtihani hupenda kuuliza hilo. Angalia pia kibodi ya simu: ikigeuza CO kuwa Co, programu inasoma kobalti bila kukuonya.

Nimeipa nyota nne. Ukiiweka, nenda kwenye mipangilio uzime jibu la papo kwa papo, ubakize hatua. Andika kwanza makisio yako ya mazao, yaani vitu vitakavyotokana na mmenyuko, kwenye daftari, ndipo ufungue hatua moja baada ya nyingine.