Ripley: Tamthilia ya Mtu Asiyekubali Kuchutama

Assalaam alaykum watazamaji wangu, karibuni. Leo nna tamthilia ambayo nimeimaliza mara mbili, na mara ya pili nilikaa na daftari. Inaitwa Ripley, ilitoka Netflix Aprili 2024, episodi nane, na yote ni nyeusi na nyeupe. Najua kwa hilo la nyeusi na nyeupe nimeshawapoteza wengine. Subirini kidogo.

Nyumba ya bibi yangu iko Mkunazini, hapa Zanzibar, zile nyumba za zamani, ngazi za mbao zimesimama wima, unapanda huku umeshika kamba. Usiku nilipotizama episodi ya kwanza ilibidi niteremke kufunga mlango wa chini, na kila nikikanyaga ngazi moyo unanidunda. Maana tamthilia inaanza hivi: Roma, mwaka 1961, usiku, mtu anaburuza maiti ngazini, anaiteremsha ngazi moja moja. Hujui nani aliyekufa, hujui kwa nini. Halafu unarudishwa nyuma, New York, uanze kuelewa.

New York ndiko tunakomkuta Tom Ripley, anaigizwa na Andrew Scott. Tapeli mdogo huyu, chumba chake duni, anakula kwa kuwaandikia watu barua za kudai madeni ya uongo. Tajiri mmoja mwenye kampuni ya kuunda meli anamtuma Italia akamrudishe mwanawe, Dickie, aliyelowea Atrani, kijiji cha pwani. Dickie hana kazi, anachora picha zisizo na maana na kutumia fedha za babake. Tom anafika, anaiona nyumba ya juu inayotizama bahari, anaiona kalamu, pete, viatu. Na anavitaka. Zaidi ya hivyo, anataka awe yeye ndiye Dickie.

Kuna mahali Tom amevaa nguo za Dickie, kasimama mbele ya kioo, anaigiza sauti yake, mara mwenye nguo huyo hapo mlangoni. Rudisheni nyuma mumtizame Tom macho yake. Sie tukisema fulani kavuliwa nguo tunamaanisha kafedheheshwa, na wazee wakatuambia ukivuliwa nguo, chutama. Tom hachutami. Kuanzia hapo mpaka episodi ya nane, kila anachofanya ni kukataa kuchutama.

Sitosema nani anakufa na lini. Lakini nilivyoitizama mie, hii si tamthilia ya mauaji hata kidogo. Ni tamthilia ya kazi inayokuja baada yake. Kufuta damu. Kukumbuka barua uliyoandika jana kwa jina la mwenzio, ya leo isije ikaikanusha. Kujizoeza sahihi ya mtu mpaka mkono uizoee. Episodi ya tatu ina tukio baharini, dakika nyingi hakuna anayesema neno, ni kamba na nanga na boti inayozunguka yenyewe haina mtu wa kuiongoza. Waliokulia Nungwi au Mkokotoni wataisikia hofu hiyo zaidi yangu, wanajua boti yenye mashine ikishaachwa inafanya nini na wewe umo majini.

Na kuna jambo nimelifikiria sana. Hapa kwetu mgeni haulizwi jina tu. Anaulizwa, wewe mtoto wa nani? Ukishajibu atatajwa baba, babu, mtaa, skuli uliyosoma, na shangazi yako ni nani. Huwezi kutoka Malindi mpaka Darajani ukiwa mtu mwengine, utakutana na anayekujua kabla hujafika sokoni. Tom anaweza kwa sababu yuko Roma, mji ambao pasipoti na sahihi zinamtosha, kapanga nyumba nzuri, jirani wanamwita kwa jina ambalo si lake. Mpaka siku moja mlango unagongwa, na aliyegonga anamjua mwenye jina. Pale mie nilisimamisha, nikaenda kunywa maji kwanza.

Mpelelezi Ravini, anaigizwa na Maurizio Lombardi, ndiye aliyenikosesha raha kuliko wote. Hafoki, hatishii. Anakaa, anauliza kwa adabu, anauliza tena, na jasho linakutoka wewe uliyekaa kwenye mkeka wako nyumbani.

Picha zimepigwa na Robert Elswit, na yeye pamoja na mwongozaji, Steven Zaillian, kila mmoja alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2024 kwa kazi hii. Zimestahiki. Kuta, ngazi, kivuli cha mtu kinatangulia kabla ya mwenyewe, mwanga unatoka dirisha moja tu. Aliyepita vichochoro vya Mji Mkongwe usiku umeme ukiwa umekatika atahisi anaijua ile Roma.

Kasoro zipo. Inakwenda polepole, na episodi ya kwanza hasa inataka subira. Marge, mpenzi wa Dickie, anaigizwa na Dakota Fanning, ndiye anayenusa uongo mapema kabisa, lakini wamempa nafasi ndogo mno, na hilo limeniudhi. Halafu umri. Kwenye riwaya ya Patricia Highsmith ya 1955 Tom ni kijana wa miaka 25, na Scott kazaliwa 1976. Mara ya kwanza sikuridhika. Mara ya pili nikaona mtu mzima anayetamani hivyo anaumiza zaidi, kwa kuwa kijana bado ana wakati na huyu umeshampita. Bado sijaamua, wallahi.

Kabla hujaweka bando: maneno mengi ni Kitaliano, utasoma maandishi ya chini, kwa hiyo usiitizame huku unapika. Kwenye simu mchana hutoona kitu, ni giza tupu. Ngoja usiku, zima taa. Na watoto wawe wameshalala.

Mlioimaliza, niandikieni hapo chini jambo moja. Mlango ulipogongwa kule Roma, mlitaka Tom akamatwe, au mlitaka apone? Mie nilitaka apone, na usiku ule sikulala vizuri.