Uzoefu wangu: darasa la wajawazito na wenza wao

Wanaouliza kama darasa hili lina thamani ya hela wanayotoza: lina, ingawa si vipindi vyote. Sisi tulisoma katika hospitali moja binafsi hapa Dar, Jumamosi asubuhi, elfu sitini kwa wawili. Kliniki ya kawaida tuliendelea nayo kituo cha afya cha mtaani, maana darasa halikupimi presha, mkojo wala wingi wa damu, na halikupi vidonge vya kuongeza damu wala SP, vidonge vya kukinga malaria.

Kipindi kilichonifaa kuliko vyote ni cha uchungu. Mkunga, mama mtu mzima mwenye utani mwingi, alitusimamisha akina baba nyuma ya wake zetu. Tumbo likikaza, unakandamiza kiuno kwa kitako cha kiganja, chini kabisa, likilegea, unaachia. Mwenzetu mmoja akawa anapapasa tu. Mkunga akamuuliza, "Baba, hapo unamkanda mkeo au unampangusa vumbi?"

Halafu ikaja zamu ya kupima uchungu kwa saa. Unahesabu tangu uchungu mmoja unapoanza hadi mwingine unapoanza. Kwa mimba ya kwanza, ukija kila dakika 5, ukidumu kama dakika moja, na hali ikawa hivyo saa nzima, ondokeni. Ila chupa ya uzazi ikipasuka, maji yakatoka, damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho yakiona maruwiruwi, au mtoto akipunguza kucheza, hakuna cha kuhesabu, ni hospitali moja kwa moja.

Siku yenyewe mke wangu alianza kuumwa jioni, na mama mkwe alishainjika sufuria ya dawa za kuongeza uchungu. Darasani tulishaambiwa zinaweza kukaza kizazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au kizazi kikapasuka. Kazi ya kumwambia ikaniangukia mimi. "Mama, samahani, nesi amekataza." Alininunia mpaka mjukuu alipozaliwa.

Kipindi cha dharura nacho kilikuwa kizuri: mjue mapema nani atatoa damu ikihitajika, mwe na dereva anayepokea simu usiku, na muikariri namba 115 ya huduma ya m-mama, bure kupiga, inayotafutia usafiri mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga aliyepata dharura.

Sikupenda kipindi cha vifaa, kiligeuka duka. Begi lao la kujifungulia lilikuwa na glavu, pamba, mpira wa kulalia, wembe na vibanio vya kitovu, vitu ambavyo duka la dawa tulivipata kwa karibu nusu ya bei. Kanga tulitoa kabatini, tukafua, tukapiga pasi. Na mazoezi ya kupumua yalirudiwa hadi watu wakapiga miayo, wakati kunyonyesha kulipitishwa haraka haraka mwishoni: mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, msimwage dang'a, yale maziwa ya kwanza, kwaherini. Mke wangu alipopasuka chuchu wiki ya kwanza, aliyemwonyesha namna ya kumpakata mtoto ni jirani.

Kabla hujalipa, uliza hospitali mtakayojifungulia kama inaruhusu mwenza kuingia. Kwetu waliruhusu. Pale ambapo wodi ni ya pamoja, mara nyingi wanaume hubaki nje. Kama ndiyo hali yenu, mwende darasani na dada au mama atakayeingia naye, afundishwe yeye kukanda.