Kamba ndefu ya BioThane kwa waongoza mbwa wa polisi: maoni baada ya mvua na kiangazi cha Lubumbashi

Kamba tunayoipima hapa ni ya BioThane, yaani utepe uliofunikwa kwa plastiki. Ni bapa, urefu wa mita 10, upana wa milimita 13, rangi ya njano, ina kulabu ya shaba ya njano upande wa mbwa na haina kitanzi upande wa mkono. Imepita msimu mzima wa mvua na kiangazi kimoja cha Lubumbashi, tangu majani mabichi ya Desemba mpaka majivu ya nyika iliyochomwa Agosti, mikononi mwa waongoza mbwa wanaoanza, wale ambao huku kwetu huitwa maître-chien. Ziko kamba zilizo imara kuliko hii. Lakini kwa kufundishia kufuata nyayo tunaiweka mbele ya zote, kwa kuwa inamfanya mwanafunzi asikie mkononi kile ambacho pua ya mbwa inafanya.

Mbwa aliyeshika nyayo huvuta kwa uzito ule ule muda wote, kama ndoo inavyovuta kamba ya kisima. Nyayo zikigeuka naye akapitiliza, kichwa huinuka, hatua hupungua, na uzito ule hushuka ghafla. Hapo ndipo mwanafunzi hufaulu au hushindwa. Asipousikia, miguu yake inaendelea hatua tatu au nne, anakanyaga palepale kwenye kona, na mbwa anaporudi kuitafuta harufu anakuta viatu vya bwana wake. Kisha watu wanasema mbwa hana pua!

Ndiyo maana tunafundisha hivi: kamba ikilegea, miguu isimame kabla mkono haujafanya lolote. Usivute. Usirudie kusema "cherche" (tafuta), maana mbwa tayari anatafuta na sauti yako inamwinua kichwa. Nyanyua kamba kidogo isiburute kwenye majani, mwachie azunguke duara lake lote, na uzito ukirudi na kutulia kwa urefu wa miili miwili ya mbwa, ndipo uondoke. Duara hilo ndilo linalohitaji mita 10. Urefu huo huo ndio unaotumika kwenye mitihani ya kufuata nyayo ya FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, ambako ngazi ya kwanza ni nyayo za hatua 300 zilizokanyagwa dakika 20 kabla, na ya tatu ni za hatua 600 zilizokanyagwa saa nzima kabla. Mbwa wa kazi hafuati karatasi ya mtihani, ila kipimo cha kamba kimechaguliwa vizuri.

Sasa linganisha. Nailoni huvutika. Uzito wa mbwa unaposhuka, kamba yenyewe hujirudi na kuimeza habari ile, na mkono unaipata imechelewa. Asubuhi yenye umande nailoni hunywa maji, udongo wetu mwekundu unaishika mpaka kwenye nyuzi, na kabla nyayo hazijaisha mwanafunzi anaburuta kitu kizito kinachovuta mkono kikiwa peke yake. Hapo hajui tena kama anayevuta ni mbwa au ni tope. Kuna na hatari ya kuungua: nailoni ikipita kwa kasi kwenye kiganja inachoma ngozi, kwa hiyo wanafunzi huvaa glavu nene, na glavu nene huondoa kabisa usikivu tunaoutafuta.

Ngozi, tukiri, huleta habari vizuri kuliko zote. Kamba ya ngozi iliyotiwa mafuta vizuri ni raha mkononi. Ila ngozi ya ng'ombe haitoi kwa urahisi mkanda mmoja ulionyooka wa mita 10, kwa hiyo huunganishwa vipande, na kila kiungo ni uvimbe unaonasa kwenye visiki na mshono wa kukaguliwa kila wiki. Ikilowa mara kwa mara na kukaushwa juani, inakuwa ngumu kama ubao. Mtu mmoja mwenye mbwa mmoja ataitunza. Kikosi chenye mbwa wanane na kamba zinazopita mkono kwa mkono hakiwezi.

BioThane ni utepe wa poliesta uliofunikwa kwa plastiki. Hauvutiki sana na haunywi maji, isipokuwa kwenye ncha, nitaeleza chini. Kamba yetu ina karibu gramu 400, mbwa haihisi mgongoni, na tope linatoka kwa kupitisha kitambaa mara moja. Upana wa milimita 13 ndio tunaousisitiza. Wa 9 ni mwepesi mno na hukata viganja mbwa mwenye kilo 35 akiondoka kwa nguvu. Wa 19 unaingia vizuri mkononi, lakini ni mzito na unaburuta majani, unamdanganya mwanafunzi kama tope la nailoni.

Rangi si pambo. Chungwa ndiyo inayouzwa sana, na kwenye majani mabichi inang'aa kweli. Juu ya udongo wa huku inapotea. Njano inaonekana kwenye udongo, kwenye majani na kwenye majivu meusi ya Agosti. Tumefunga pia utepe mwembamba wa plasta kwenye mita 5, uzungushwe mara mbili tu, ili mkono ujue nusu bila jicho kushuka.

Anayejua viunga vya mji huu, upande wa Kasapa au njia ya Kipushi, anajua vichuguu vyake: vingine ni virefu kupita paa, vingine vimechimbwa nusu na wafyatua matofali. Mbwa huvizunguka, kwa sababu mtu anayefuatwa alivizunguka, au kwa sababu harufu imejikusanya upande usio na upepo. Kamba inajiviringisha kwenye kichuguu, msuguano unaongezeka, na mwanafunzi anadhani mbwa anavuta vizuri. Hapo kuna jambo moja tu la kufanya: achia ncha, iache ipite, zunguka haraka uiokote ng'ambo. BioThane huteleza kuzunguka kichuguu na kutoka. Lakini ikiwa na kitanzi mwishoni itanasa kwenye kisiki cha kwanza, na mbwa atasimamishwa kwa kishindo begani. Ndiyo sababu tunakata kila kitanzi siku kamba inapofika. Aliyezoea kuingiza mkono kwenye kitanzi atalalamika. Mwambie kwamba kitanzi hicho ndicho kinachovunja kifundo cha mkono.

Kasoro zake ni hizi, na muuzaji huwa hazitaji. Ikilowa pamoja na mkono uliolowa, inateleza. Tiba ni kuishika kwa mikono miwili, mmoja ukiongoza na mwingine ukizuia, kamba ikipita nyuma ya kiuno wakati wa mvua. Kwa kuwa haivutiki, mbwa kijana anayekimbia mpaka mwisho wa kamba anapigwa kwa nguvu yote. Basi isifungwe kamwe kwenye kola. Ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, pete ikiwa nyuma ya mabega, na mwongozaji ashike chini usawa wa nyonga, kwani kamba inayoshikwa juu humwinua mbwa kutoka ardhini. Asubuhi za Juni na Julai baridi huikaza, nayo inabaki na umbo la mviringo kama ilivyowekwa. Usiikunje kama mpira wa bustani. Ikunje kwa umbo la nane, dole gumba na kiwiko, itafunguka imenyooka.

Kasoro kubwa zaidi ni meno. Mbwa akiachwa nayo dakika moja anaikata, na hapa ngozi inaishinda kabisa: kamba ya ngozi iliyokatwa fundi viatu yeyote sokoni anaishona siku ile ile. BioThane hashoni mtu kwa mkono, na fundo lake linateleza. Ukiunganisha kwa ribiti unapata uvimbe. Kwa hiyo tunazipa zilizokatwa kazi nyingine: kipande cha mita 5 ni cha mafunzo ya watoto wa mbwa, cha mita 2 ni cha kutembea kambini.

Ncha na matundu ya ribiti ndiyo milango ya maji. Poliesta ya ndani ikiwa wazi hunyonya unyevu taratibu, ribiti za chuma cha kawaida zinashika kutu kutoka ndani, na siku moja kulabu inabaki kwa mbwa huku kamba iko kwako. Agiza ribiti mbili za shaba ya njano au za chuma kisichoshika kutu, na ufunge ncha kwa kisu kilichopashwa moto. Mshono wa uzi peke yake tunaukataa, kokoto zinausaga. Kulabu iwe na shingo inayozunguka. Kila jioni ichovye majini na uibonyeze mara kumi vumbi litoke. Usiitie mafuta. Mafuta hukamata vumbi, na kulabu iliyojaa vumbi haifungi mpaka mwisho.

Kwa usafi hakuna kinachoifikia, na kwetu hilo linatosha kuinunua hata kama faida yake ingekuwa hiyo tu. Kamba hupita kwa mbwa wengi, na parvo, virusi vya kuharisha mbwa, ikiingia kambini inaua watoto wa mbwa ndani ya siku chache. Kipimo 1 cha javeli ya kawaida (dawa ya klorini ya kufulia) kwa maji vipimo 30, kamba ilale humo dakika 10, baada ya kuosha tope kwanza kwa sabuni, maana javeli haifanyi kazi juu ya uchafu. Suuza mpaka harufu iishe kabisa, vinginevyo kesho utakuwa unaburuta javeli juu ya nyayo. Ngozi haiwezi kuoshwa hivyo bila kuharibika.

Wenzetu wa Goma wapime upya kabla ya kuagiza. Mawe ya lava ya volkano yao, Nyiragongo, yana makali ambayo udongo wetu hauna, yanachuna ganda la plastiki kidogo kidogo. Kwao milimita 16 ni busara zaidi, na kamba ipitishwe yote kati ya vidole kila baada ya mazoezi. Vidole vikigusa nyuzi nyeupe za ndani, sehemu hiyo ikatwe.

Madukani Lubumbashi huikuti kirahisi. Nyingi zinaagizwa na kuingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na ni ghali kuliko nailoni. Tahadhari na plastiki tupu inayouzwa kwa jina hilo hilo. Kata milimita chache kwenye ncha uangalie: usipoona ufumaji wa utepe katikati, rudisha. Halafu pima urefu mwenyewe, fungia kulabu kwenye mti, rudi nyuma mita zote 10, na uvute kwa uzito wa mwili wako kabla mbwa hajafungwa. Kamba mpya pia ina harufu ya kiwandani. Ioshe kwa sabuni na uitundike kivulini siku mbili kabla ya zoezi la kwanza.